Kuongeza chaneli za studio: Hesabu kwanza, mkopo baadaye

STUDIO nyingi ndogo za kurekodi muziki nchini Tanzania zilianza na kompyuta moja, maiki moja na kisanduku cha kuingizia sauti chenye matundu mawili. Kwa msanii wa bongo fleva anayekuja peke yake na kuimba juu ya mdundo uliokwisha kutengenezwa kwenye kompyuta, mtaji huo unatosha kabisa.

Tatizo huanza siku mteja wa aina nyingine anapobisha hodi. Kwaya ya watu 30 yenye bendi yake inataka kurekodi nyimbo kumi kabla ya Krismasi. Kikundi cha taarab kinataka wapigaji wote wapige pamoja kwa mkupuo mmoja. Mwenye studio anatazama matundu yake, anaona hayatoshi, na kesho yake yuko SACCOS akiulizia mkopo.

Hapo ndipo mitaji mingi hupotea. Vifaa vya kuongeza chaneli vipo, na vingi ni vizuri. Lakini anayenunua bila kujua kinachombana ni sawa na mkulima anayefunga pampu kubwa kwenye bomba jembamba. Mafuta yanaungua zaidi, lakini maji yanayofika shambani ni yale yale.

Makala haya yanaeleza njia za kupanua studio kutoka chaneli 8 hadi 16, 24 au zaidi, gharama zinazojificha nyuma ya kila njia, na hesabu ambayo mjasiriamali anapaswa kuifanya kabla ya kuweka saini kwenye fomu ya mkopo.

Chaneli ni nini

Chaneli ni njia moja ya sauti, kuanzia kwenye maiki au ala hadi kwenye kompyuta, isiyochanganyika na nyingine. Studio ikirekodi ngoma, gitaa na mwimbaji katika chaneli tatu, fundi anaweza baadaye kuipunguza ngoma bila kumgusa mwimbaji. Vyote vikiingia katika chaneli moja, havitenganishwi kirahisi tena, kama mahindi na mtama uliosagwa pamoja.

Katika mfumo wa kidijitali, sauti hupimwa mara nyingi kila sekunde na kila kipimo huandikwa kwa namba. Studio nyingi hutumia vipimo 48,000 kwa sekunde, kila kimoja kikiwa na biti 24. Ukizidisha, chaneli moja inabeba biti 1,152,000 kila sekunde. Ikihifadhiwa kwenye diski, inachukua takriban megabaiti 518 kwa saa.

Chaneli 16 kwa saa moja huchukua zaidi ya gigabaiti 8, na chaneli 24 huchukua zaidi ya gigabaiti 12. Kikundi kikirekodi kwa saa sita katika chaneli 24, kazi ya siku hiyo moja inajaza karibu gigabaiti 75. Kwa kuwa kazi ya mteja haifai kukaa mahali pamoja tu, nafasi hiyo inahitajika mara mbili. Kwa hiyo, kabla hata ya kununua kifaa, kila chaneli inayoongezwa inakuja na madai yake kwenye diski.

Hesabu wateja kabla ya vifaa

Swali la kwanza si studio iwe na chaneli ngapi. Swali ni mteja anayelipa anahitaji ngapi kwa wakati mmoja.

Chukua kwaya yenye bendi. Seti ya ngoma ikiwekewa maiki kwa utaratibu wa kawaida huchukua chaneli 7: ngoma ya mguu moja, snea moja, tomu mbili, hai-hati moja, na mbili za juu za kunasa seti nzima. Gitaa la besi linachukua 1, magitaa mawili yanachukua 2, na kinanda kikichukuliwa kulia na kushoto kinachukua 2. Hapo ni 12. Soprano, alto, tena na besi wakipewa maiki moja kwa kila kundi ni 4, na mwimbaji kiongozi 1. Jumla ni chaneli 17.

Mwenye studio mwenye chaneli 16 akiona hesabu hiyo anaweza kudhani anahitaji 24. Lakini kwaya nyingi hazina ulazima wa kurekodi kila kitu pamoja. Bendi hurekodiwa kwanza, chaneli 12, huku kiongozi akiimba kwenye maiki ya kuwaongoza tu. Siku ya pili waimbaji wanasikiliza bendi kwenye hedifoni na kuimba juu yake, chaneli 5. Kwa wakati wowote ule, studio haikuhitaji zaidi ya chaneli 13. Hata pale ambapo wote wanataka kupiga pamoja, kinanda kikiingizwa kwa chaneli moja badala ya mbili, 17 inakuwa 16.

Taarab ni habari nyingine. Vikundi vikubwa vya Zanzibar, kama Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club iliyoanzishwa mwaka 1958, vimejengwa juu ya wapigaji wengi wanaosikilizana. Mpiga fidla anamfuata mwimbaji, akodiani inamjibu mpiga ganuni, na waitikiaji wanaingia kwa ishara ya macho. Kuwatenganisha watu hao na kumrekodi kila mmoja siku yake ni kuua kile kinachowafanya wawe kikundi.

Hesabu yao inaweza kuwa hivi: ganuni 1, udi 1, nai 1, akodiani 2, fidla 4, besi 1, dumbaki 1, bongo 1, rika 1, mwimbaji 1 na waitikiaji 2. Hizo ni 16. Fundi akiongeza maiki mbili za kunasa sauti ya ukumbi mzima, zinakuwa 18. Mteja huyu ndiye anayevuka chaneli 16 kwa haki. Swali linalobaki ni moja: anakuja mara ngapi kwa mwaka?

Mjasiriamali achukue daftari lake la mwaka uliopita na kuhesabu kazi zilizorekodiwa, kazi zilizokataliwa, na sababu ya kukataliwa. Kama wateja wengi walikwenda kwingine kwa sababu ya bei, au kwa sababu chumba hakiwatoshi watu 20, chaneli mpya hazitawarudisha.

Mlango ambao tayari umelipiwa

Njia ya bei nafuu ya kuongeza chaneli mara nyingi imekaa nyuma ya kisanduku ambacho studio tayari inacho, bila kutumika. Ni tundu dogo la mraba lililoandikwa ADAT.

Jina hilo lina historia yake. Januari 1991, kampuni ya Alesis ya Marekani ilionyesha mashine ya kurekodi chaneli 8 za kidijitali kwenye mkanda wa video wa S-VHS. Aliyetaka chaneli 16 alinunua mashine ya pili na kuiunganisha na ya kwanza. Mashine hizo ziliweza kuunganishwa hadi 16, yaani chaneli 128. Studio ndogo kwa mara ya kwanza ziliweza kukua kidogo kidogo, nane kwa nane, kadiri kipato kilivyoruhusu.

Mikanda hiyo imekwishapitwa na wakati, lakini mlango wake umebaki. Kupitia waya mmoja mwembamba unaopitisha mwanga, ADAT hupeleka chaneli 8 kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Mwenye kisanduku cha matundu 8 ya maiki chenye mlango huo anaweza kununua kisanduku cha pili cha matundu 8, kuunganisha waya, na kuwa na chaneli 16 bila kubadilisha kompyuta wala programu.

Hata hivyo, kuna mitego mitatu ambayo huwanasa wanunuzi wengi.

Mtego wa kwanza ni namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kisanduku kama Scarlett 18i20 cha kampuni ya Focusrite kinaitwa cha ingizo 18, lakini matundu ya maiki ni 8. Nane nyingine ni za ADAT na 2 ni za S/PDIF, ambazo zinahitaji vifaa vingine vya kuzijaza. Anayekinunua akidhani atachomeka maiki 18 atarudi dukani siku hiyo hiyo.

Mtego wa pili ni tundu lenyewe. Tundu la mwanga la ADAT linafanana kabisa na lile lililo nyuma ya deki nyingi za DVD na televisheni, na waya wake ni ule ule. Lakini vifaa vingine hutumia tundu hilo kwa S/PDIF, ambayo hupeleka chaneli 2 tu. Mnunuzi asome kitabu cha maelezo kuhakikisha kwamba neno ADAT limeandikwa pande zote mbili, upande wa kutuma na upande wa kupokea.

Mtego wa tatu ni kasi ya vipimo. Chaneli 8 za ADAT hupatikana katika vipimo 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Studio ikipandisha hadi 96,000, waya ule ule unabeba chaneli 4 tu, na vifaa vyote viwili lazima viwe vinaujua utaratibu huo. Vipimo 48,000 kwa sekunde vinatosha kubeba sauti yote ambayo sikio la binadamu linaweza kuisikia. Kwa studio ndogo, kupandisha kasi ni kununua chaneli 8 na kutumia 4.

Mafahali wawili kwenye zizi moja

Vifaa viwili vya kidijitali vikiunganishwa, kila kimoja kina saa yake ya ndani inayohesabu vipimo. Saa mbili hazilingani kamwe kwa ukamilifu. Kimoja kinaweza kuhesabu 48,000 wakati mwenzake amehesabu 48,001. Tofauti ni ndogo sana, lakini kipimo hicho kimoja hakina mahali pa kwenda, na matokeo yake ni mlio wa ghafla, kama punje ya mahindi inayopasuka kwenye kikaango, unaojitokeza katikati ya wimbo.

Mafundi wengi wasiolijua jambo hili hubadilisha nyaya, hubadilisha maiki, hata hubadilisha kompyuta. Dawa yake haina gharama. Kifaa kimoja kinafanywa kuwa kiongozi wa saa, na vingine vyote vinaamriwa kumfuata.

Kwa visanduku viwili vya ADAT, waya wa mwanga hupeleka sauti upande mmoja pamoja na saa ya kifaa kinachotuma. Kwa hiyo, kama kuna waya mmoja tu kutoka kisanduku kipya kwenda cha zamani, cha zamani kiwekwe katika mpangilio wa kuifuata saa ya ADAT. Kama mwenye studio anataka cha zamani kiwe kiongozi, basi anahitaji waya wa pili unaorudi, au waya maalumu wa saa ikiwa vifaa vyote vina tundu lake. Jambo hili liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kwa sababu msaidizi mpya akibonyeza kitufe kimoja anaweza kuharibu kazi ya siku nzima bila kujua.

Lini mtandao unalipa

Njia ya pili ni kuunganisha vifaa kwa nyaya za mtandao wa kompyuta. Mfumo unaojulikana zaidi unaitwa Dante, wa kampuni ya Audinate ya Sydney, Australia, iliyoanzishwa mwaka 2006. Badala ya kila maiki kuwa na waya wake hadi chumba cha fundi, kisanduku cha matundu huwekwa karibu na wanamuziki, na sauti zote husafiri kwa waya mmoja wa mtandao, kupitia swichi ya mtandao, hadi kwenye kompyuta.

Wapo wanaodhani kwamba mtandao huo ni intaneti, na kwamba utakula bando. Sivyo. Ni mtandao wa ndani ya jengo, unafanya kazi hata kama mtaa mzima hauna intaneti.

Uwezo wake ni mkubwa. Chaneli 24 zinahitaji takriban megabiti 28 kwa sekunde za sauti peke yake, na swichi ya kawaida ya siku hizi inapitisha megabiti 1,000 kwa sekunde. Katika waya mmoja wa kasi hiyo, Dante inaweza kubeba hadi chaneli 512 kila upande. Waya wa shaba wa mtandao unakwenda mita 100, wakati waya wa USB 2.0 umewekewa kikomo cha mita 5, na waya wa mwanga wa ADAT wa plastiki hutumika kwa mita chache tu. Programu ya Audinate inayoifanya kompyuta ipokee sauti hizo bila kifaa cha ziada inafikia chaneli 64.

Faida hizo huonekana kwa mwenye vyumba vingi. Kituo cha redio chenye studio mbili na chumba cha kurushia matangazo, kanisa lenye ukumbi na ofisi ya kurekodia, au studio iliyokodi jengo lenye ukumbi upande wa pili wa ua, wote hao wananufaika. Kuongeza chumba cha tatu ni kuvuta waya mmoja na kuongeza kisanduku kimoja. Chaneli za chumba kimoja zinaweza kutumika na chumba kingine bila mtu kubeba chochote.

Lakini mwenye chumba kimoja cha mita nne kwa nne anayetaka kutoka chaneli 8 kwenda 16 hana sababu ya kulipia umbali wa mita 100. Visanduku vya Dante kwa kawaida ni ghali kuliko vya ADAT kwa idadi ile ile ya matundu. Anayelipia mtandao bila kuwa na vyumba vya kuviunganisha amenunua lori la kubebea ndoo moja ya nyanya.

Anayeamua kuchukua njia ya mtandao azingatie mambo manne. Kwanza, Dante hutumia waya, haitumii mtandao wa hewani. Pili, swichi nyingi za bei rahisi zina utaratibu wa kubana umeme unaozilaza njia zisizo na kazi, nao huvuruga saa ya sauti, hivyo achague swichi isiyo na utaratibu huo au inayoruhusu kuuzima. Tatu, swichi ya studio isitumike kwa kompyuta za ofisi na simu za wageni, labda iwe imepangwa na fundi anayejua kuipa sauti kipaumbele. Nne, vifaa viwe vinazungumza lugha moja. Tangu mwaka 2013 kuna kiwango cha kimataifa kiitwacho AES67 kinachosaidia mifumo tofauti kuelewana, lakini si kila kifaa kinacho, na kuelewana huko si kwa kila jambo.

Kwa upande wa saa, mtandao una nafuu. Vifaa vya Dante huchagua vyenyewe kiongozi mmoja wa saa, na vingine vinamfuata.

Njia ya tatu: kumfuata mteja

Ipo njia nyingine ambayo haihitaji kununua chaneli hata moja. Makanisa na kumbi kadhaa sasa zina mixa za kidijitali. Mixa kama X32 ya kampuni ya Behringer, iliyotoka mwaka 2012, ina matundu 32 ya maiki na inaweza kupeleka chaneli 32 kwenye kompyuta kwa waya mmoja wa USB.

Mwenye studio akienda kanisani na kompyuta yake, diski mbili na hedifoni nzuri, anaikuta kwaya mahali ilipozoea kuimbia, ikiwa na maiki zake, ngoma zake na ukumbi wake. Watu 30 hawalipi nauli ya kuja mjini. Sauti hurekodiwa kule, na kazi ya kusafisha na kuchanganya hufanyika studio. Mali ya mjasiriamali hapa ni ujuzi na masikio yake. Kinachohitajika ni kwenda siku moja kabla, kujaribu waya na programu, na kurekodi wimbo mmoja wa majaribio hadi mwisho.

Gharama ambazo boksi halizitaji

Bei ya kisanduku ni sehemu tu ya safari. Kila chaneli mpya inahitaji maiki, stendi na waya. Maiki za aina ya kondensa zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku, hivyo ni lazima kuhakikisha matundu yote 8 yanautoa. Wanamuziki zaidi wanahitaji hedifoni zaidi na kifaa cha kuzigawia sauti. Kompyuta inayohimili chaneli 2 inaweza kukwama kwenye 24, hasa pale fundi anapoanza kuweka madoido kwenye kila moja.

Umeme nao una hesabu yake. Ukikatika wakati msanii mmoja anaimba, anarudia. Ukikatika wakati watu 20 wa taarab wako katikati ya wimbo mrefu, hasara ni ya wote. UPS iwe kwenye kompyuta, kwenye visanduku na, kwa wenye mtandao, kwenye swichi pia. Wengi huisahau swichi kwa sababu ni ndogo, na ikizimika yenyewe, chaneli zote zinazopita kwake zinakatika kwa pamoja.

Mkopo na msimu

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Namba zake si bei za soko, na kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme kisanduku cha matundu 8 ni Sh 1,000,000, maiki sita ni Sh 1,200,000, stendi, nyaya na hedifoni ni Sh 600,000, diski mbili ni Sh 400,000 na UPS ni Sh 400,000. Jumla ni Sh 3,600,000. Kisanduku ambacho ndicho kilichomvutia mnunuzi ni chini ya theluthi moja ya gharama yote.

Tuseme kazi moja ya kwaya ya siku mbili inalipa Sh 400,000. Toa Sh 100,000 za umeme, msaidizi na chakula. Toa pia Sh 150,000 ambazo studio ingezipata kwa wasanii wa kawaida katika siku hizo mbili, kwani kwaya imechukua nafasi yao. Faida ya ziada iliyobaki ni Sh 150,000. Gharama ya Sh 3,600,000 ikigawanywa kwa Sh 150,000, zinahitajika kazi 24 kuirudisha.

Kama kwaya zinakuja mbili kila mwezi, ni mwaka mmoja. Lakini kwaya haziji hivyo. Zinakuja kabla ya Krismasi na kabla ya Pasaka, na vijijini zinakuja baada ya mavuno, wanachama wanapokuwa na kitu cha kuchanga. Taarab nayo hupumzika mwezi wa Ramadhani. Kama kazi ni mbili kwa mwezi kwa miezi sita tu, mwaka mmoja unakuwa miwili.

Hapo ndipo mkopo unapouma. Benki na SACCOS nyingi hudai marejesho kila mwezi, wakati kipato cha chaneli mpya kinakuja kwa msimu. Mkulima analijua tatizo hili vizuri: deni linadai Februari, shamba linalipa Julai. Riba ya mfano ya asilimia 18 kwa mwaka juu ya mkopo wote ni Sh 648,000, na hiyo peke yake inadai kazi nyingine zaidi ya nne kila mwaka. Mwenye studio anayekopa aombe ratiba ya marejesho inayofuata msimu wake, na kama haipatikani, aweke akiba ya marejesho ya miezi mikavu kabla ya kuchukua mkopo.

Kuna kipimo kingine kinachosahaulika. Tuseme mjini kuna mtu anayekodisha kisanduku na maiki kwa Sh 100,000 kwa siku mbili. Kwa kukodi, mwenye studio bado anabaki na Sh 50,000 katika kila kazi ya kwaya, bila deni. Akinunua, anachookoa ni ile Sh 100,000 ya kukodi. Sasa gharama ya Sh 3,600,000 inahitaji kazi 36, si 24, ndipo kununua kuwe bora kuliko kukodi.

Kukodi kunatoa pia kitu ambacho hakuna muuza duka anayeweza kukiuza, nacho ni uhakika wa soko. Mwenye studio akikodi mara kumi katika msimu mmoja, daftari lake linamwambia wateja wapo. Akikodi mara mbili, limemwokoa na deni.

Mpangilio wa hatua

Kwa ufupi, mwenye chumba kimoja na chaneli 8 aanze kwa kupanga kazi: bendi kwanza, waimbaji baadaye. Hatua hiyo haina gharama, na kwa kwaya nyingi inapunguza hitaji kwa chaneli kadhaa. Pale matundu yanapopungua kweli, akodi au amfuate mteja mwenye mixa yake. Daftari likionyesha kazi za kutosha kwa misimu miwili, anunue kisanduku cha ADAT na kufikia chaneli 16. Mtandao usubiri siku atakapopata chumba cha pili au ukumbi, kwani hapo ndipo kila mita ya waya itakapokuwa na kazi.

Mwenye kituo cha redio au ukumbi wa vyumba vingi anaweza kuruka hatua hiyo na kuanza na mtandao moja kwa moja, ili asilipie mara mbili. Avute nyaya za mtandao zaidi ya anazozihitaji leo wakati kuta bado ziko wazi, kwa sababu waya ni rahisi kuliko kupasua ukuta mara ya pili.

Na kabla ya kulipa, wote wawili wachukue karatasi moja. Upande mmoja waandike kila maiki ya kazi kubwa kuliko zote waliyowahi kuikataa, na upande wa pili waandike ni mara ngapi kazi ya namna hiyo ilikuja mwaka jana. Karatasi hiyo waende nayo dukani, na nakala yake waende nayo kwa afisa mikopo.